Grace Ogot na Mlango Uliofungwa: Maisha ya Mwandishi Aliyekataa Kunyamaza

Utangulizi

Karibu na mji wa Kendu Bay, katika eneo la Karachuonyo, Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima. Jina hilo ni la Dholuo na linataja kijiji cha Simbi kilichozama. Wataalamu wa miamba hueleza kwamba ziwa hilo limejaa katika kasoko ya volkano. Wenyeji nao wana maelezo yao. Inasimuliwa kwamba jioni moja, watu wa kijiji wakiwa katika karamu, alifika bibi kizee aliyechoka na kulowa mvua, akaomba hifadhi. Walimdharau na kumfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, akamwotesha moto na kumpa chakula. Bibi akamwonya mwenyeji wake aondoke upesi. Usiku huo maji yakakimeza kijiji kizima pamoja na ngoma zake, pombe yake na kiburi chake.

Ni kisa cha mgeni aliyefungiwa mlango. Mwaka 1983 kisa hicho kilitoka kikiwa kitabu cha Dholuo, kwa jina la ziwa lenyewe, kutoka kwa kalamu ya Grace Ogot. Mwandishi huyo alijua vyema maana ya kusimama mlangoni na kuambiwa arudi alikotoka. Hadithi zake za kwanza zilikataliwa na shirika ambalo kazi yake ilikuwa kuwasaidia waandishi wa Afrika Mashariki. Baadaye, vitabu vyake vilipokwisha kuchapishwa, alikosolewa vikali kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ile ya mwanzo. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuangaza jambo hilo moja: jinsi mwandishi anavyoweza kukataliwa pande zote mbili na bado asiiweke kalamu chini.

Malezi na Chemchemi Mbili

Grace Emily Akinyi alizaliwa tarehe 15 Mei 1930 huko Asembo, katika wilaya iliyokuja kujulikana kama Nyanza ya Kati. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Asembo kupata elimu ya kizungu, akawa Mkristo wa Kanisa la Anglikana na kufundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya. Nyumbani alimsimulia bintiye visa vya Agano la Kale. Nyanya yake naye alimsimulia ngano za Wajaluo. Hivyo basi mtoto yule alikunywa katika chemchemi mbili kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyemwambia kwamba maji ya moja yangeitia sumu nyingine.

Baada ya masomo ya Ng'iya na Butere alikwenda Uganda kusomea uuguzi katika Hospitali ya Mengo, kati ya mwaka 1949 na 1953. Kisha akaenda Uingereza kuendelea na mafunzo ya uuguzi na ukunga. Akiwa London alifanya kazi pia katika idhaa ya BBC iliyowatangazia watu wa Afrika Mashariki, akiandika na kusoma vipindi. Ikumbukwe kwamba hadi wakati huo hakuwa amejitambua kuwa mwandishi. Alijijua kuwa muuguzi. Kuandika kwake kulikuwa katika vipindi vya redio na katika barua.

Barua hizo zina nafasi kubwa katika maisha yake. Nyingi zilikwenda kwa kijana wa kutoka Gem aliyekuwa akisoma historia huko Uskoti, Bethwell Allan Ogot, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanahistoria mashuhuri wa Afrika. Kijana huyo aliona katika barua zile zaidi ya salamu na mapenzi. Aliona ushairi, akamsisitizia mwenzake kwamba mtu anayeandika barua za namna ile hana budi kuandika hadithi. Walifunga ndoa mwaka 1959. Aghalabu mwandishi anayeanza huhitaji msomaji mmoja tu wa kumwamini kabla hajajiamini mwenyewe. Grace Ogot alimpata msomaji huyo mapema, na hiyo ndiyo akiba aliyokwenda nayo siku alipobisha hodi kwa wachapishaji.

Hodi ya Kwanza

Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Jukumu lake lilikuwa kuwapatia Waafrika vitabu vya kusoma na kuwasaidia waandishi wa lugha mbalimbali. Kwa mwandishi mchanga wa Kenya wa miaka ile, milango mingine ilikuwa michache mno. Ogot akakusanya hadithi zake fupi na kumpelekea msimamizi wa shirika hilo. Miongoni mwazo ilikuwemo hadithi ya Oganda, binti wa mtawala Labong'o, anayechaguliwa atolewe kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe.

Hadithi hizo hazikukubaliwa. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa Ogot mwenyewe miaka mingi baadaye, waliozisoma hawakuelewa mwanamke Mkristo aliwezaje kuandika habari za kafara, waganga na dawa za kienyeji, badala ya kuandika juu ya wokovu. Kasoro iliyotajwa haikuwa ya sarufi, wala ya mtiririko wa visa, wala ya wahusika. Kasoro ilikuwa yeye mwenyewe: mtu wa aina yake hakutarajiwa kuwa na hadithi za aina ile. Ogot alikuja kuona pia kwamba wachapishaji wa kikoloni hawakuwapa moyo waandishi kadhaa kwa kuwa waliogopa kuzaa waandishi ambao wangeukosoa utawala.

Hapa pana kinaya ambacho hakina budi kutajwa. Biblia ambayo Nyanduga alimsimulia bintiye ina kisa cha Yeftha, aliyeweka nadhiri na kumtoa binti yake wa pekee. Ina pia kisa cha Ibrahimu na Isaka, ambapo kisu kinazuiwa dakika ya mwisho. Hadithi ya Oganda inasimama katikati ya visa hivyo viwili: binti anatolewa na baba kwa ajili ya watu wote, lakini kipenzi chake Osinda anamfuata na kumwokoa, na mvua inanyesha. Msomaji aliyeijua Biblia yake sawasawa angeutambua undugu huo mara moja. Waliosimama mlangoni waliuona ugeni peke yake.

Mwandishi aliyekataliwa kwa namna hiyo huwa na njia tatu. Anaweza kuandika yale anayotakiwa kuandika, yaani mahubiri. Anaweza kunyamaza. Au anaweza kuirudisha hadithi mkobani na kutafuta mlango mwingine. Njia ya pili ndiyo ipitwayo na wengi, na ndiyo isiyoacha alama. Hakuna anayejua ni hadithi ngapi za Nyanza, za Pwani au za Unyamwezi zilizofia humo. Ogot aliichagua njia ya tatu.

Makerere, Ibadan na Nairobi

Mnamo Juni 1962 waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza walikutana katika Chuo cha Makerere. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele, pamoja na kijana wa Makerere aliyeitwa wakati huo James Ngugi. Ogot alihudhuria na kuisoma hadithi yake mbele ya wenzake. Jambo moja lilimchoma. Katika maonyesho ya vitabu, Afrika Magharibi ilikuwa na vya kuonyesha, ilhali Afrika Mashariki iliyoandaa mkutano haikuwa na chake. Wenyeji waliwakaribisha wageni katika nyumba isiyo na kiti.

Kwa wasomi wa Kiswahili mkutano huo una uchungu mwingine. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakuwa na nafasi pale licha ya kazi zake nyingi, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Meza ya Afrika Mashariki ilikuwa tupu kwa sababu mbili: wengine walikuwa hawajachapishwa, na wengine waliochapishwa walikuwa hawahesabiwi. Riwaya ya Kufikirika ya mwandishi huyohuyo ilikuja kuchapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kuzikwa kwake. Ama kwa hakika mlango uliofungwa haukuwa tatizo la Ogot peke yake.

Aibu ile ya Makerere ilimpa ari. Hadithi iliyokataliwa ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus huko Nigeria. Mwaka uliofuata jarida la Transition la Kampala lilichapisha hadithi yake nyingine, Ward Nine, inayotokana na mazingira ya hospitali. Tazama basi safari ya Oganda: binti wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria alilazimika kuvuka bara zima ndipo apate kusikika. Mwaka 1965 lilianzishwa jijini Nairobi shirika la uchapishaji la East African Publishing House, na mwaka 1966 likatoa riwaya ya kwanza ya Ogot, The Promised Land. Mwaka huohuo shirika hilo lilitoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek, ambayo Paul Sozigwa aliitafsiri kwa Kiswahili kuwa Wimbo wa Lawino. Mwaka 1968 ukafuata mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder, na humo Oganda akapata makao ya kudumu.

Njia ya Kusini: Migori na Nchi ya Ahadi

Riwaya ya The Promised Land inahusu uhamiaji. Ochola na mkewe Nyapol wanatoka Seme, katika Nyanza, kwenda kutafuta ardhi Tanganyika. Msingi wa kisa hiki ni historia ya kweli. Kwa muda mrefu familia za Wajaluo zilisogea kusini kutafuta mashamba, zikapita na kukaa katika nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, nyingine zikavuka hadi Tarime, Shirati na Musoma. Katika vijiji vingi vya Migori si ajabu hadi leo kukuta ukoo ulio na jamaa pande zote mbili za mpaka. Ogot aliichukua habari hiyo ya kawaida na kuuliza swali gumu: je, anayeihama nchi ya baba zake kwa ajili ya mali huacha nini nyuma yake?

Ochola anafanikiwa, naye jirani mmoja, mzee mganga, anamhusudu. Ochola anapatwa na ugonjwa wa ngozi wa kutisha, mwili unamwota vitu kama miiba. Hospitali inashindwa. Anayemponya hatimaye ni mganga wa jadi, na Ochola analazimika kuiacha mali yake na kurudi Kenya. Ni vyema kuzingatia uamuzi wa kisanaa uliofanyika hapa. Mwandishi aliyekataliwa kwa kutaja waganga na dawa za kienyeji hakuwaondoa katika kazi iliyofuata. Aliwaweka katikati ya riwaya nzima. Tena yeye hakuwa mtu asiyeijua hospitali. Alikuwa muuguzi aliyefunzwa Mengo na London na kufanya kazi Maseno na Makerere. Alijua dawa ya kizungu inafika wapi na inakomea wapi.

Jambo hili linahusiana na namna alivyoishi. Ogot hakuwahi kukaa akisubiri kuandika tu. Aliuguza wagonjwa, alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii Kisumu, alifanya kazi ya uhusiano mwema katika shirika la ndege la Air India, aliandika safu katika gazeti na kutayarisha vipindi vya redio kwa Dholuo na Kiswahili, huku akilea watoto wanne. Wako wanaodhani kwamba shughuli huikausha kalamu. Kwake yeye zilikuwa malisho. Wodi ya hospitali ilimpa hadithi, safari zilimpa hadithi, hata msiba ulimpa hadithi.

Hukumu ya Pili

Mwaka 1972 Maryse Condé, mwandishi na mhakiki kutoka Guadeloupe, alichapisha makala katika jarida la Présence Africaine kuhusu waandishi watatu wa kike wa Afrika: Flora Nwapa, Ama Ata Aidoo na Grace Ogot. Condé alikubali kwamba Ogot alikuwa na kipaji. Hata hivyo aliona kuwa kipaji hicho kilipotea bure, kwa sababu mwandishi aliduwazwa na taratibu za Wazungu.

Hukumu hizi mbili zafaa kuwekwa bega kwa bega. Wachapishaji wa kikoloni walimwona kuwa mtu wa mila kupita kiasi, asiyestahili jina la Mkristo. Mhakiki wa miaka ya sabini alimwona kuwa mtu wa Uzungu kupita kiasi. Haiwezekani hukumu zote mbili kuwa kipimo kamili cha mtu mmoja. Kila mmoja alipima kwa pishi yake. Hii haina maana kwamba Condé hakuwa na hoja. Wahusika wa kike wa Ogot, akiwemo Nyapol, mara nyingi hubeba mzigo wa ndoa kwa subira inayowaudhi wasomaji wengi hadi sasa, na hoja hiyo bado inajadiliwa katika madarasa ya fasihi. Ila kuna tofauti kubwa kati ya hoja ya kujibiwa kwa kazi nyingine na hukumu ya kumnyamazisha mtu. Ogot aliendelea kuandika. Mwaka 1976 alitoa mkusanyiko mwingine, The Other Woman. Katikati ya miaka hiyo ya sabini alishiriki pia kuasisi chama cha waandishi wa Kenya na kuwa mwenyekiti wake wa kwanza, ili wanaokuja nyuma wasibishe hodi peke yao.

Rusinga na Simbi: Kurudi Ziwani

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Mwili wake ulisafirishwa kwa msafara mrefu hadi kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay, na huko akazikwa. Ogot aliuandika msiba huo katika hadithi iliyoupa jina mkusanyiko wake wa mwaka 1980, The Island of Tears. Kati ya mazishi na kitabu kulipita miaka kumi na mmoja. Mwaka huohuo wa 1980 alitoa pia riwaya fupi, The Graduate.

Baada ya hapo aligeuka. Mama yake, Rahel Ogori, alimhimiza aandike kwa lugha ambayo watu wake wangeisoma. Kuanzia mwaka 1981 vikaanza kutoka vitabu vya Dholuo: Ber Wat, Aloo kod Apul Apul, Miaha na Simbi Nyaima. Vitabu kadhaa kati ya hivi vilichapishwa na Anyange Press, shirika la familia ya Ogot mjini Kisumu. Miaha, inayosimulia habari za jembe lililolima lenyewe mpaka bi harusi Nyawir alipokiuka mwiko, iliigizwa jukwaani na kupendwa. Mwaka 1989 Okoth Okombo aliitafsiri kwa Kiingereza kwa jina la The Strange Bride.

Mageuzi haya yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mwanamke aliyeambiwa kwamba hadithi za nyanya yake hazimfai Mkristo alizirudisha sasa katika lugha ya nyanya yake, tena kwa shirika ambalo halikuhitaji kuomba ruhusa kwa msimamizi yeyote. Alikuwa amejenga mlango wake mwenyewe. Hadithi ya Simbi Nyaima nayo ilikuwa inamngoja. Kisa cha bibi aliyefukuzwa karamuni kilipata mwandishi aliyekijua kwa ndani.

Hitimisho

Katika miaka ya themanini Ogot aliingia siasa. Aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 1983, akachaguliwa na watu wa Gem mwaka 1985, na kuhudumu kama waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Mwaka 2012 alichapisha tawasifu yake, Days of My Life. Aliaga dunia tarehe 18 Machi 2015. Hata kifo hakikuufunga mkoba wake: mwaka 2018 ilichapishwa riwaya yake Princess Nyilaak. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenda pole hajikwai.

Maisha yake yanawafundisha nini wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao wamefungia mashairi na hadithi sandukuni kwa kuogopa jibu la mhariri? Kwanza, kwamba kukataliwa kunaweza kuwa habari ya anayekataa kuliko kuwa habari ya kazi yenyewe, na ni wajibu wa mwandishi kuzitenganisha habari hizo mbili kwa utulivu. Mhariri akisema sentensi imelemaa, na irekebishwe. Akisema mtu wa aina yako hapaswi kuwa na hadithi hii, hapo hapana cha kurekebisha. Pili, kwamba kazi iliyokataliwa haiharibiki ikihifadhiwa. Hadithi ya Oganda ilikataliwa nyumbani, ikapokelewa ng'ambo, ikarudi nyumbani kitabuni, na vizazi vya wanafunzi wameisoma bila kujua kwamba nusura isiwepo.

Tatu, somo linawahusu wale walioshika funguo. Kila jarida, hata dogo la chama cha wanafunzi, lina mlango, na nyuma ya mlango huo kuna watu wanaoamua nani aingie aote moto. Watu wa Simbi hawakujua aliyekuwa amesimama mvuani. Leo mahali pao pana maji ya magadi, na heroe huja hapo kutafuta chakula.